Ndala Kwenye Dirisha Jeusi

Usiku wa jana niliota nimeitwa zahanati nikaeleze kwa nini programu ya mjukuu wangu haifunguki.

Nianze na mambo ya mchana, ndipo ya usingizini yaeleweke. Mjukuu wangu Nakijwa ana miaka ishirini na sita, kazi yake ni kuandika programu za kompyuta. Ameandika moja kwa ajili ya chanjo za watoto wa zahanati yetu, huku kwetu Upareni milimani. Unaweka jina la mtoto na siku aliyozaliwa, yenyewe inakwambia arudi lini. Aliianza baada ya mama mmoja kupanda mlima kilomita kumi na mbili na pacha wake, mmoja mgongoni na mmoja kifuani, akafika akaambiwa tarehe yake iliandikwa vibaya daftarini, arudi wiki nyingine. Nakijwa alikuwapo siku ile. Alimpokea yule mama pacha mmoja, akambebea mpaka daraja la pili, akarudi nyumbani, akaanza kuandika.

Programu ikakamilika, hata mimi niliifungua. Kisha Alhamisi Nakijwa akapandisha toleo la chombo chake cha kufungia. Kama nilivyomwelewa, chombo hicho kazi yake ni kuikusanya programu na vikorokoro vyake vyote na kuvifunga viwe faili moja, ili hata kompyuta isiyo na kitu iweze kuifungua. Tangu apandishe hilo toleo jipya, faili likawa linafunguka kwenye kompyuta yake tu. Kwenye kompyuta ya zahanati linatokea dirisha jeusi, linajifunga kabla hujasoma, na habari imeishia hapo.

Jumamosi, Sista Yunisi wa chanjo aliifunga kompyuta ya zahanati kwa kitenge chake, akatuletea mwenyewe mpaka mlangoni, ili Nakijwa aifanyie majaribio nyumbani. Hakuombwa. Akasema mganga mfawidhi ametoa muda mpaka Jumatatu saa mbili asubuhi. Isipofunguka wanarudi kwenye daftari. Na Jumatatu ndiyo kliniki, na yule mama wa pacha atakuwapo.

Jumapili nzima Nakijwa alibonyeza. Alikula viazi viwili. Nilimwambia alale, akasema, “Bado kidogo, bibi.” Nikalala mimi.

Naota niko zahanati. Ni saa nne asubuhi na jua limewaka. Flashi nimeifunga kwenye pindo la khanga. Kwenye benchi la wagonjwa wamekaa mafaili, wima, kila mmoja ameshika cheti chake.

Kompyuta ya zahanati amekaa kwenye kiti cha daktari, kitenge cha Sista Yunisi mabegani.

“Shida yako, bibi?”

“Programu ya mjukuu wangu haifunguki.”

“Umeibonyeza mara mbili?”

“Nimeibonyeza.”

“Bonyeza nikuone.”

Nabonyeza. Moja. Mbili.

“Hizo ni mara moja, mara mbili,” anasema. “Mimi nataka mara mbili, mara moja.”

Nimezaa watoto saba na nimefundisha darasa la Jumapili miaka thelathini. Tofauti hiyo sikuwahi kufundishwa. Nikabonyeza tena kwa hasira, na hasira ndiyo ilikuwa kipimo sahihi, kwa sababu ukutani likafunguka dirisha jeusi la mbao, na mwanamume mmoja akatoa kichwa.

“Imeshindikana kumpa—”

Dirisha likajifunga. Pa.

Nabonyeza tena. Linafunguka.

“Imeshindikana kumpa—”

Pa.

“Kumpa nini?” nikauliza ukuta.

“Hatujui,” Kompyuta akanijibu. “Huwa hamalizi.”

“Na ninyi mnamwacha tu?”

“Ndivyo alivyo.”

Sauti nyembamba ikasema kutoka kwenye benchi, “Kwangu inafunguka.”

Nikageuka. Ilikuwa kompyuta ya Nakijwa, ile ndogo ya kukunja, amekaa magoti pamoja kama bibi harusi.

“Nimesikia, mama,” nikamwambia.

“Kwangu inafunguka,” akarudia.

“Sasa kwako ndiyo zahanati?”

“Sijui. Kwangu inafunguka.”

Nikashusha pumzi. Kompyuta ya zahanati akajifunika kitenge vizuri, akaniuliza kama nimejaribu kuzima na kuwasha.

“Kuzima nini?”

“Wewe.”

Nikafumba macho, nikahesabu mpaka kumi, nikafumbua. Nilikuwa bado na miaka sabini na minne, na goti la kulia linauma vilevile.

“Haijasaidia,” nikasema.

“Basi tatizo ni la ndani,” akasema, akaandika kwenye cheti changu.

Nikafungua pindo la khanga nitoe flashi niende zangu. Haikuwa flashi tena. Lilikuwa boksi la katoni kubwa kama la runinga, limefungwa kamba ya katani, na juu yake kwa mwandiko wa Nakijwa imeandikwa CHANJO. Nalinyanyua. Natembea nalo mpaka mlangoni. Mlangoni kuna mlinzi, koti refu, rungu, miwani, kifuani ameandikwa KINGA YA VIRUSI.

“Simama. Mzigo mgeni huo.”

“Siyo mgeni, ni wa mjukuu wangu.”

Hakunisikiliza mimi, aliliinamia boksi. “Umezaliwa lini?”

“Leo,” boksi likajibu. “Saa nne na dakika tano.”

“Wezi wote huzaliwa hivyo,” mlinzi akasema, akalichukua akalifungia kwenye banda la kuku.

Kuku wakatoka wote. Inaonekana hata wao waliambiwa ni mwizi.

“Baba,” nikamwambia, “na wewe ulizaliwaje?”

Akafikiri sana. “Polepole,” akasema.

“Kila kilicho kipya unakifungia?”

“Kila nisichokijua. Nani analijua hili?”

“Mimi.”

“Andika.”

Akanipa karatasi, nikaandika: Nalijua. Mimi bibi yake. Akaisoma akichezesha midomo, akavua miwani akaifuta. “Miaka yote watu wananizima tu,” akasema. “Hakuna aliyewahi kuniandikia.” Akalitoa boksi mwenyewe, akalipangusa mavi ya kuku kwa mkono wa koti lake, akalibeba mpaka kizingitini ili mimi nisiiname. Sitausahau ule wema, ingawa ulitokea usingizini.

Navuka kizingiti na boksi langu. Sipo zahanati tena. Niko kwenye jiko la uani la nyumba yetu, siku ya kumuaga binti yangu Naetwe alipokuwa anaolewa, miaka mingi iliyopita. Masufuria ya makande yako motoni. Moshi unauma macho kama zamani. Katikati ya masufuria amesimama kijana mtanashati, aproni nyeupe pe, mkononi orodha.

“Mimi ndiye Mfungashaji,” akasema. “Wa Sita.”

“Wa Tano yuko wapi?”

“Amestaafu Alhamisi.”

Wa Tano alikuwa nje ya mlango, mzee mnene aliyevaa soksi mbili tofauti, amekalia kinu kilichopinduliwa. Aliponiona alisimama akanipisha kinu.

“Kaa, mama. Wakati wangu mimi nilikuwa nafunga kila kitu,” akaniambia. “Mtu akitaka kikombe, nilimfungia na kabati. Na paka.”

“Paka wa nini?”

“Sijui. Lakini hakuna aliyekuja kulalamika kwamba amekosa paka.”

“Mizigo ilikuwa mizito mno,” Wa Sita akasema bila kugeuka. “Mimi sifungi kwa kubahatisha. Nafunga walioandikwa. Sikilizeni!” Akaanza kuita. “Programu yenyewe?”

“Yupo.”

“Vitufe?”

“Tupo!” Walikuwa wengi, wanakanyagana.

“Rangi ya kijani?”

“Yupo.”

“Kalenda?”

“Nipo, baba,” akajibu mwanamke mkubwa, sketi kumi na mbili moja juu ya nyingine, marashi yananukia mpaka kwenye makande. Kila mtu akampisha.

“Umeona?” Wa Sita akaniambia. “Wote wamo. Mzigo ni kamili.”

“Mbona haufunguki?”

“Hilo si la mfungashaji. Ni la mfunguaji.”

Nikaona nisigombane na mtoto wa watu. Nikamgeukia Kalenda. “Dada, samahani. Mtoto amezaliwa tarehe tatu. Arudi lini kwa chanjo ya pili?”

Kalenda akatabasamu. Akageuza kichwa kidogo nyuma ya bega lake la kushoto, kama mtu anayesubiri kunong’onezwa. Akasubiri. Hakuna aliyenong’ona.

“Ngoja kidogo,” akasema.

Tukangoja. Makande yakachemka. Jasho likaanza kumtoka, Januari ikalowa.

“Nyuma yako kuna nini?” nikamuuliza.

“Hakuna kitu.”

“Basi jibu.”

“Ngoja kidogo.”

Hapo uvumilivu ukaniishia. Mimi si mtu wa hasira, waulize majirani. Lakini nilimfikiria Nakijwa na viazi vyake viwili, na yule mama anayepanda mlima na watoto wawili kama ndoo za maji. Nikageuka, na kwa kuwa ilikuwa ndoto, ukuta wa jikoni ulikuwa na dirisha lile lile jeusi. Nikavua ndala ya mguu wa kushoto. Nikabonyeza boksi mara mbili, mara moja.

Dirisha linafunguka. Kichwa kinatoka.

“Imeshindikana kumpa—”

Naingiza ndala.

Dirisha likaja kwa nguvu, likaibana ndala katikati, likakwama. Yule bwana akabaki kichwa nje, macho yamemtoka.

“Bibi, toa ndala.”

“Maliza sentensi.”

“Sijawahi kumaliza.”

“Leo utamaliza. Mimi sina haraka, nina mguu mmoja wenye kiatu.”

Akatazama kushoto, akatazama kulia. Akameza mate. “Imeshindikana,” akasema taratibu, kama anayetembea gizani, “kumpata... Numo.”

Halafu akaanza kulia. Machozi ya kweli, yanadondokea ndala. “Kila siku nakuja kuwaambia,” akasema. “Kila siku. Hamngoji.”

Nikamfuta uso kwa pindo la khanga. Nikamwambia, “Pole, mwanangu. Umesema vizuri.” Kumbe mtu anaweza kuwa mjumbe mwaminifu maisha yake yote na kila mtu akamwona kero kwa sababu ya mlango aliopewa.

“Sasa Numo ni nani?” nikauliza.

Kalenda akainamisha uso.

“Ni... ni yule anayenihesabia,” akasema chini chini.

“Wewe Kalenda, unahesabiwa?”

“Mimi kazi yangu kupendeza.”

“Na hukumwandikisha?”

“Huwa haandikwi, bibi. Namwita tu jina kazi ikifika, anatokea nyuma yangu, ananiambia, nasema. Wageni wanadhani nimesema mimi.”

“Mimi nilikuwa nambeba pamoja na paka!” Wa Tano akapaza sauti kutoka nje. “Sikumjua. Nilimkuta tu jikoni kila siku, nikamfunga.”

Nilisimama pale katikati ya moshi, na moyo ukanirudisha kwenye siku yenyewe, siku ya kweli ya Naetwe. Kamati ilipanga orodha ya wapishi wa kupanda gari kutoka kijiji cha chini. Wapishi wote wenye majina waliandikwa. Mama Mbonea hakuandikwa, kwa kuwa hakuwa mpishi, alikuwa yule anayeonja chumvi na kusema imetosha. Kila shughuli alikuwapo, na kila shughuli aliitwa tu. “Mama Mbonea, hebu njoo.” Siku ile gari lilijaa walioandikwa, likaondoka. Makande yakatiwa chumvi mara tatu, kwa sababu kila mpishi alijua kuna mwingine wa kuonja. Wageni walikunywa maji mpaka mtungi ukakauka. Orodha ile niliiandika mimi, kwa mkono wangu.

Saa kumi akatokea Mama Mbonea kwa miguu, vumbi mpaka magotini. Hakuuliza kwa nini aliachwa. Aliweka kiroba chake chini, akakunja mikono ya gauni, akasema, “Nianzie wapi?”

Sikuwahi kumwomba radhi. Nilikuwa na wageni, halafu nikawa na mambo mengine, halafu akafariki.

“Yuko wapi huyo Numo?” nikauliza, na sauti yangu haikuwa nzuri.

“Kwangu inafunguka,” kompyuta ya Nakijwa akasema. Alikuwa ametufuata na benchi lake.

“Inafunguka kwako,” nikamwambia, “kwa sababu yuko kwako! Simama.”

Akasimama, nadhani kwa mara ya kwanza. Nyuma yake, sakafuni, amekaa mwanamke mdogo wa umbo, wa makamo, kiroba pembeni. Anachambua kunde huku anahesabu. Hakuacha kuhesabu mpaka alipofika mwisho wa ungo.

“Uko hapa tangu lini, mama?” nikamuuliza.

“Nipo siku zote. Gari lilipoondoka sikusikia jina langu.”

“Hukukasirika?”

“Nilidhani safari hii hakuna hesabu.”

Nikampokonya Wa Sita orodha, nikaandika chini kabisa: NUMO. Nikaandika kwa herufi kubwa, nikakandamiza kalamu, na karatasi ikatoboka kidogo.

Wa Sita akasoma. “Numo?”

“Nipo.”

“Ingia.” Akamfungulia boksi, akampa mkono apande, hata aproni yake nyeupe ikachafuka vumbi asijali. Kisha akaniambia, “Si ungesema tu, bibi.”

Nilitaka kumchapa ndala, lakini ndala ilikuwa dirishani.

Numo akakaa ndani ya boksi, nyuma ya bega la kushoto la Kalenda. Akakunja mikono ya gauni. Akanitazama mimi, mimi na si mwingine, akauliza:

“Nianzie wapi?”

Nikafungua mdomo nimjibu, na kwanza nimwombe radhi. Jogoo akawika. Nikaamka.

Ilikuwa saa kumi na moja na nusu alfajiri. Sebuleni taa inawaka. Nakijwa yuko mezani, shuka langu mabegani, alama ya mkono wa kiti imejichora shavuni.

“Bibi, njoo uone,” akasema. “Dirisha limegoma kufunga.”

“Limegomaje?”

“Jana lilikuwa linapita kama kipepeo. Sasa hivi nimebonyeza, limefunguka, limekaa. Kama limebanwa na kitu.” Akaweka kidole kwenye kioo cha kompyuta ya zahanati, akasoma herufi nyeupe moja moja. “Inasema inatafuta kipande kinaitwa numo, haikipati. Numo ndiyo nini tena? Mimi sijaandika kitu kama hicho popote.”

“Anamhesabia Kalenda,” nikasema.

Nakijwa akanigeukia taratibu. “Umejuaje?”

“Mwandike kwenye orodha, mke mwenzangu. Saa mbili hiyo inakuja.”

Akatazama, akatafuta, akaguna. Ilikuwa kweli: ile kalenda aliyoichukua kwa wenzake humwita numo kimyakimya programu ikiwa tayari inatembea, na hakuna mahali jina lake limeandikwa mwanzoni. Toleo la zamani lilikuwa linamkusanya lenyewe bila kuuliza. Toleo jipya linafunga walioorodheshwa tu.

“Siku nne, bibi!” akasema, mikono kichwani. “Siku nne zangu zote, kumbe ni neno moja!”

“Andika.”

Akaandika. Akafunga upya. Akahamisha faili kwa flashi, akabonyeza. Kalenda ikatokea, ya kijani, inapendeza. Nakijwa akaweka siku ya kuzaliwa ya wale pacha.

Ikajibu papo hapo: Leo.

Nakijwa alifuta macho kwa shuka langu.

Hapo ndipo lile dirisha jeusi, ambalo lilikuwa bado limekaa pembeni mwa kioo, likajifunga lenyewe. Na chini ya meza kitu kikaanguka. Pa.

“Panya?” Nakijwa akauliza. Alikuwa ameshaanza kuifunga kompyuta kwa kitenge cha Sista Yunisi.

Nikainama, goti likapiga kelele. Ilikuwa ndala yangu ya kushoto, niliyokuwa sijaikuta kando ya kitanda nilipoamka. Imebonyea katikati, mstari mmoja ulionyooka kama wa rula, na ilikuwa mbichi, kama imeloweshwa kidogo.

Nikaivaa. Nikaenda jikoni, nikachemsha chai ya tangawizi, nikamimina vikombe vitatu. Cha kwanza nikampa Nakijwa anywe kabla ya kushuka zahanati. Cha pili changu. Cha tatu nikakiweka mezani, nyuma kidogo ya kompyuta, upande wa kushoto, nikamwomba Mama Mbonea radhi kwa sauti ya chini.

Nakijwa akakitazama, akanitazama mimi, akakisogezea sukari.